Haki za Kuazimana

Jina la nchi yetu silitaji. Si kwamba naogopa. Wakubwa wameniambia tu kwamba likitajwa ovyo bei ya mawe yetu inashuka. Itoshe kusema ni nchi ya amani, yenye jua la kutosha na mawe meusi chini ya ardhi. Mawe hayo husagwa yakawa unga, na unga huo hupelekwa ng'ambo kutengenezea betri za simu. Hata simu iliyo mfukoni mwako sasa hivi, ndugu msomaji, huenda ina kijiko kimoja cha kwetu. Karibu sana.

Na usikubali mtu akudanganye kwamba kwetu hakuna haki za binadamu. Uongo mtupu! Zipo, na mimi ndiye niliyekuwa nikizitunza. Funguo zake nilizivaa shingoni. Cheo changu kamili kilikuwa Mtunza Ghala Mkuu wa Haki za Binadamu za Taifa, lakini watu kwa uvivu wa ulimi waliniita Bwana Stoo.

Ghala lenyewe lilianza hivi. Kampuni za simu za ng'ambo zilituma ujumbe kwamba wateja wao wameingiwa na huruma, tena huruma kali, na hawataki tena simu iliyotoka kwenye jasho la mtu anayeonewa. Basi kila kiwanda cha mawe kingekaguliwa kila mwaka, na kisichokuwa na haki hakingeuza hata punje. Baraza la mawaziri liliingiwa na kiwewe. Viwanda vyetu ni vingi, na haki jamani ni ghali! Mawaziri wengine walianza kulia pale pale mezani.

Ndipo aliposimama Mheshimiwa Tarimbo, Waziri wa Haki, Wageni na Mauzo ya Nje. Mama yake mzazi alikuwa mwenyekiti wa kina mama wanaotunza vyombo vya mtaa.

"Waheshimiwa," alisema, "mtaani kwenu nani ana masufuria makubwa ya pilau nyumbani kwake? Hakuna! Mtaa mzima una seti moja. Pakiwa na harusi vinakwenda, pakiwa na msiba vinakwenda, shughuli ikiisha vinaoshwa na kurudi. Je, yupo mgeni aliyewahi kushiba pilau halafu akauliza sufuria ni la nani?"

Wakapiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Haki zikatangazwa kuwa vyombo vya shughuli, na serikali ikanunua seti moja ya taifa zima.

Na ilikuwa seti nzuri, nisiwe mwongo. Kulikuwa na barakoa za kuzuia vumbi, za kufunika mdomo na pua, kila moja na pochi yake. Kulikuwa na mashine kubwa ya kufyonza vumbi, tuliyoifunika kwa kitambaa cha kushonwa kama redio ya bibi. Kulikuwa na choo cha magurudumu chenye sabuni ambayo haikuruhusiwa kulowanishwa. Kulikuwa na muuguzi, Sista Adelina, na kitanda chake na dawa zake, na Bwana Kisanji, mwenyekiti wa chama cha wafanyakazi, aliyejua kupiga ngumi hewani na kusema "Hatutakubali!" bila kutaja asichokubali. Vyote hivyo, watu na vitu, vilipakiwa kwenye lori moja, na mimi mbele pamoja na dereva. Mkaguzi akienda kiwanda fulani, sisi tumeshatangulia. Akiondoka, nasi twaondoka, mbio, kwa sababu kiwanda kinachofuata kina mkaguzi wake na roho ziko juu.

Kazi hiyo ilininyima usingizi. Kila nikifumba macho nasikia honi.

*

Siku ninayotaka kuisimulia tulifika kiwanda kiitwacho Mwanga wa Kesho. Tulichelewa, choo kilikuwa kimetuchomoka njiani mlimani na kurudi kinyumenyume peke yake. Meneja, Bwana Ponsiano, alikuwa getini amelowa jasho.

"Haki ziko wapi, Bwana Stoo? Mgeni keshapita daraja!"

"Shusheni! Shusheni!" nilipiga kelele. "Mashine kwanza! Sista, vaa kofia!"

Katika chumba cha vinu ndipo nilipomkuta Siwema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenye maneno, aliyekuwa akisaga mawe tangu usichana wake. Kifua chake kilikuwa kikikoroma hata akiwa amekaa kimya. Nilimkabidhi barakoa, tukawasha mashine, na lile wingu jeusi lililokuwa likielea chumbani likaanza kunywewa, mpaka ukuta wa pili ukaonekana. Wafanyakazi wakashangaa kwamba ulikuwa na dirisha.

Siwema alivuta pumzi moja ndefu. Akaishusha. Akavuta nyingine, akaanza kucheka peke yake.

"Hii naazimwa mpaka lini, Bwana Stoo?"

"Mpaka mkaguzi aondoke. Saa tisa lori linakwenda kiwanda cha Korongo. Kesho nao wana mgeni wao."

"Ngoja nikuulize, kaka. Mimi ndiye ninayetunza vyombo vya mtaa wetu. Sahani zetu zikitoka kwenye shughuli ya watu, zinarudi kwa wenyewe. Hizi haki zikirudi, zinarudi kwa nani?"

"Zinarudi stoo."

"Huko stoo kuna mtu anavuta pumzi?"

Nilimwambia asilete siasa kazini. Lakini swali lake lilinikera mchana kutwa.

*

Mkaguzi alikuwa Bwana Hendriki, mtu mrefu, mpole, aliyezunguka viwanda vyetu miaka mingi mpaka Kiswahili kikamkaa mdomoni vizuri. Mheshimiwa Tarimbo alikuja naye na hotuba yake.

"Katika nchi hii," alinguruma Waziri, "mfanyakazi ni yai! Sisi serikali tumelilalia! Na mjue, mgeni wetu, kwamba watu hawa ni wakarimu ajabu. Mgeni kwao ni mfalme. Nimesema mfalme!"

Bwana Kisanji akapiga ngumi hewani: hatakubali. Bwana Hendriki akatazama choo, akatazama sabuni kavu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaomba kuona zahanati inavyofanya kazi, na Siwema, kwa kuwa alikuwa karibu, akalazwa kitandani apimwe.

Sasa Sista Adelina alikuwa na kasoro moja: alikuwa muuguzi wa kweli. Wizara ilimchukua kwa haraka bila kumchunguza. Akiwekewa mgonjwa mbele yake anampima. Alisikiliza kile kifua mbele, akasikiliza nyuma, na mgeni alipotoka kutazama vinu, aliniita pembeni huku Siwema akisikia.

"Huyu mama mapafu yamejaa unga. Akivaa barakoa kila siku na mashine ikawaka, atavuta miaka. Akirudi kwenye vumbi hili, mwaka haumaliziki."

"Sista, lori saa tisa."

"Najua lori saa tisa! Ninakwambia ugonjwa, sikwambii ratiba!"

Siwema alijiinua polepole. Hakulia. Aliifunga vizuri kamba ya barakoa, akashuka kitandani, akaenda kusema na wanawake wenzake. Mimi nikafikiri wanaagana.

*

Saa tisa ilipokaribia Bwana Hendriki alishika mkoba wake. Dereva wetu akawasha injini. Nilikuwa nimeshafungua nyuma ya lori, nasubiri tu gari la mgeni litoe vumbi langoni.

"Ala!" Sauti ya Siwema hiyo. "Mgeni wetu, unaondokaje na njaa? Unataka watu watucheke?"

"Nashukuru, dada, ila nina safari."

"Safari gani ya tumbo tupu? Pilau liko motoni. Kaa kidogo tu."

Bwana Hendriki alimtazama Waziri. Waziri, aliyetoka kusema mbele ya watu wote kwamba mgeni kwetu ni mfalme, aliitazama saa yake, akatabasamu. Na ile harufu ya bizari na vitunguu ilikuwa imeshafika. Mgeni akakaa.

Kumbe wenzangu, pilau halikuwa motoni, kitunguu tu ndicho kilichokuwa motoni! Mchele ulikuwa bado unachaguliwa. Masufuria ya mtaa ndiyo kwanza yanavingirishwa kutoka nyumbani kwa Siwema. Mgeni akaletewa kahawa ya kumshikilia, kisha kashata za kusindikizia kahawa, kisha maji ya kunawa kwa ajili ya chakula ambacho hakijaiva. Pilau lilipoiva jua lilikuwa limezama, na wanawake wakauliza kwa uchungu ni mtu gani mwenye akili anayemwachia mgeni asafiri kwenye barabara ile gizani. Akalala nyumbani kwa meneja.

Na muda wote huo, kwa kuwa mkaguzi alikuwapo, mashine ilinguruma na barakoa zilikuwa usoni.

Asubuhi nilidhani yamekwisha. Wapi! Palikuwa na vitumbua na supu, kisha akaambiwa kwamba yeye ndiye mgeni rasmi wa harusi ya mchana. Harusi hiyo ilikuwa na ngoma, mapambo na wapishi. Ilikosa tu bibi arusi, na kina mama walikuwa bado wanashauriana ni binti yupi. Bwana Hendriki alifurahi kweli. Alicheza. Mpigapicha aliyekuja naye akampiga Siwema picha ameteremsha barakoa kidogo, anacheka, macho yameng'aa.

Simu yangu ilikuwa inaungua sikioni. Korongo walikuwa na mkaguzi getini na hawana hata haki moja.

"Bwana Stoo, anataka kuona choo!"

"Mwambieni kina mtu ndani!"

"Anaomba kuona kilipo!"

Baada yao walipiga wa kiwanda kingine, na kingine. Wizarani wakaita kikao cha dharura. Kijana mmoja wa idara ya mipango akauliza kwa nini tusinunue mashine ya pili. Akahamishiwa mifugo kabla hajakaa chini. Waziri alikuwa akizunguka uwanja wa kiwanda, kiguu na njia, akitabasamu kila akikutana na mgeni na kuniuma sikio kila akikutana na mimi.

"Mtoe huyu mtu hapa!"

"Mheshimiwa, nimtoeje? Wanamkaribisha."

"Wakataze!"

"Niwakataze nini, ukarimu? Uliusifu mwenyewe."

Na Siwema? Aliendelea na zamu zake kinuni kama kawaida, kati ya kahawa na ngoma. Kufikia siku ya tatu ule mkoromo ulikuwa umepungua. Nilimsikia akiimba. Wimbo ulikuwa na mistari mirefu naye aliimaliza bila kukatisha. Nisifiche, nilifurahi. Nilisimama nyuma ya choo cha serikali nikafurahi peke yangu, halafu simu ikalia tena.

*

Lakini chakula nacho kina mwisho wake. Mchele wa mtaa uliisha, na siku hiyo ya tatu baada ya chai Bwana Hendriki alisimama akasema kwa upole kwamba sasa lazima aende. Wanawake wakamtazama Siwema. Yeye akavuta kigoda, akaketi mbele ya mgeni.

"Kaka yangu, nikwambie kitu?"

"Niambie, dada."

"Hivi vitu unavyoviona si vyetu. Barakoa hii, mashine ile, Sista, hata huyu bwana anayepiga ngumi hewani. Ukipanda gari tu vinapakiwa. Sisi tunabaki na vumbi. Sista amenipima, nikirudi kwenye vumbi nakufa. Ndiyo maana tumekulisha mpaka mchele umekwisha."

Waziri alipaliwa na chai. Bwana Ponsiano akashika ukuta. Mimi nikawaza jela, nikawaza wanangu.

Bwana Hendriki aliweka kikombe chini taratibu.

"Najua," alisema.

"Unajua?"

"Dada Siwema, Sista Adelina amenipima presha viwanda vyote ninavyokwenda. Mashine ile ina mkwaruzo ubavuni, naujua kama ninavyoujua uso wa mama mkwe wangu. Hata Bwana Stoo huyu, kila mahali namkuta, nasi husalimiana kama watu wasiojuana. Ni adabu tu."

"Basi mbona hukusema?"

"Kwa sababu siulizwi hivyo. Kampuni inaniuliza kama siku ya ukaguzi haki zilikuwapo. Zilikuwapo, na safari hii zimekuwapo siku nyingi kuliko kiwanda chochote duniani, nitawasifu. Haiulizi zinalala wapi. Nikianza kuuliza mimi, itamtuma mwingine asiyeuliza. Nikiandika kwamba hazipo, kiwanda kitafungwa, na ninyi nyote mtakaa bila kazi. Je, mnataka kifungwe?"

Wale wanawake wana watoto.

"Mimi nataka kupumua," Siwema alisema.

"Hilo nimeshaliandika," alisema Bwana Hendriki, na nadhani kweli aliona haya, kwa maana hakumtazama. "Nimeandika kwamba unapumua. Nimekuona kwa macho yangu."

Alishukuru kwa pilau, akampa kila mtu mkono, akapanda gari. Vumbi la gari lake halijatua, dereva wetu akapiga honi.

Wafanyakazi walivua barakoa wakazitia kwenye pochi. Sista alikunja kitanda analia, amegeuka ukutani. Nilimwendea Siwema mwisho, nimenyoosha mkono. Aliivua barakoa mwenyewe. Aliipangusa ndani na nje kwa pindo la khanga, polepole, mpaka ikatakata.

"Chukua, kaka. Sijazoea kurudisha vyombo vya watu vichafu."

Tukaondoka kwenda Korongo kwa kasi ya kuvunja mbavu.

*

Siwema tulimzika kabla ya mvua za vuli. Nasema tulimzika kwa sababu nilikwenda. Masufuria ya mtaa yalitoka yote siku hiyo, nami nilikaa mkekani nikashindwa kumeza hata tonge moja. Bwana Ponsiano alituma rambirambi na kalenda ya kiwanda.

Mwaka ulipozunguka Waziri aliniita ofisini. Ukutani kwake palikuwa na picha kubwa ya Siwema, anacheka, macho yameng'aa. Kampuni ya ng'ambo ilikuwa imeibandika katika maduka yake yote ya simu, na ilikuwa imepewa tuzo ya biashara yenye utu kwa sababu yake.

"Wateja wanampenda mno," alisema Waziri. "Bwana Hendriki anakuja wiki hii Mwanga wa Kesho, na ameagizwa apige naye picha mpya."

"Mheshimiwa, Siwema amefariki."

"Aliyefariki ni mfanyakazi. Siwema ni nembo ya taifa. Azima mwingine."

Nikamwazima kutoka Korongo. Aliitwa Mwanjaa, naye alikuwa msagaji wa mawe mwenye umbo lile lile na makamo yale yale. Hakuuliza mengi. Njiani aliniuliza tu huyo marehemu alikuwa akichekaje, ili asije akakosea. Nilijaribu kumwigizia. Nilianza, nikashindwa, nikamwambia acheke tu anavyocheka yeye.

Basi Bwana Hendriki akafika. Mashine ilikuwa inawaka na barakoa ziko usoni, na Waziri ameweka mkono begani mwa Mwanjaa.

"Dada Siwema, hujambo?"

"Sijambo, kaka yangu. Karibu tena."

Bwana Hendriki alimshika mkono asiuachie. Alimtazama usoni muda mrefu, kisha akanitazama mimi. Mungu ni shahidi, mimi Bwana Stoo, mwenye funguo shingoni, nilimwomba aseme. Sema huyu siye! Sema tu, kazi ife, lori lipinduke, kila kitu kiharibike! Nilikuwa na hasira mpaka meno yakaniuma.

"Umenenepa kidogo," alisema Bwana Hendriki, akaandika.

Walipomaliza kupiga picha, Sista Adelina alimlaza Mwanjaa kitandani akamsikiliza kifua, mbele, na nyuma, na mbele tena. Aliporudi kwangu alikuwa anakunja mpira wa kipimo chake bila kunitazama.

"Mwakani usihangaike kumfuata huyu," aliniambia. "Tafuta Siwema mwingine."

Nje lori lilikuwa linapiga honi. Korongo walikuwa na mgeni wao siku ya pili yake, na Mwanjaa alikuwa anarudi huko huko, kwa hiyo alisafiri nasi. Alikaa nyuma, juu ya choo, barabara yote vumbi. Barakoa yake nilikuwa nayo mimi mbele, ndani ya pochi yake, mapajani, isije ikachafuka.